Sanamu ya Shambani Imeshika Nafasi ya Nani?

Kila sanamu ya kutishia ndege imesimama mahali ambapo kabla yake alisimama mtu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mtoto. Naanza na jambo hili kwa sababu maelezo mengi juu ya sanamu hizi huanzia kwenye nguo kuukuu na kichwa cha majani makavu, kana kwamba zilibuniwa kupamba shamba au kuchekesha wapita njia. Zilibuniwa kwa sababu nafaka ikikaribia kukomaa hutaka ulinzi kuanzia alfajiri hadi magharibi, na mkulima hana watu wa kutosha. Palipokosekana mtu pakasimikwa mti uliovikwa shati. Kwa hiyo tukitaka kuelewa maana ya sanamu hiyo katika jamii yoyote, tuulize kwanza imeshika nafasi ya nani, na huyo aliyeiachia nafasi amekwenda wapi.

Aliyekulia kwenye mpunga, mtama au uwele hahitaji kufundishwa kazi ya kuamia ndege. Suke likianza kuweka maziwa, familia huhamia shambani. Hujengwa dungu, na juu yake hukaa mlinzi mwenye teo na lundo la mawe, au madonge ya udongo yaliyokaushwa juani. Kamba zilizofungwa makopo na vipande vya bati hupitishwa kutoka pembe moja ya shamba hadi nyingine, zote zikiishia dunguni. Mlinzi akivuta, shamba zima linapiga kelele. Ndege hula kwa pupa asubuhi kabla jua halijapanda, na tena alasiri jua likilegea. Mchana wa joto kali hupumzika vichakani. Hata hivyo mlinzi hawezi kuondoka mchana, maana kundi moja likitua kwa nusu saa linatosha kumaliza kazi ya miezi minne. Ulinzi huu hudumu wiki tatu, nne, hata zaidi, kutegemea aina ya mbegu na kama majirani walipanda pamoja.

Kazi yenyewe haitaki nguvu. Inataka macho, sauti na uvumilivu, ndiyo maana tangu zamani imewaangukia watoto, wazee waliochoka jembe, na kina mama wenye mtoto mgongoni. Katika mpango huo sanamu ni msaidizi tu. Husimikwa upande ambao jiwe la teo halifiki. Nilizoziona katika mabonde ya mpunga ya Morogoro na Mbeya nyingi hazina hata uso: miti miwili iliyopishanishwa, shati, kofia iliyotoboka, na siku hizi mfuko wa plastiki unaopepea au utepe wa kaseti ya zamani uliotandwa juu ya majaruba, ambao upepo ukipita huvuma na kumeta juani. Hakuna aliyehangaika kuichonga pua. Mwenye shamba anajua kwamba dunguni yupo mtu, na kwamba huyo ndiye ulinzi wenyewe.

Uingereza ya karne ya 19 inaonyesha waziwazi uhusiano huu wa sanamu na mtoto. Joseph Arch alizaliwa mwaka 1826 katika kijiji cha Barford, Warwickshire. Alipofika umri wa miaka tisa aliajiriwa kufukuza kunguru mashambani: saa kumi na mbili kwa siku, ujira peni nne. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuongoza uundwaji wa chama cha kitaifa cha vibarua wa mashambani mwaka 1872, na mwaka 1885 akaingia bungeni. Wenzake wengi hawakufika popote. Walisimama kwenye tope na baridi wakigonganisha vibao na kuimba ili wasisinzie, na shule zao ziliandika utoro msimu hata msimu. Mwaka 1873 sheria ilikataza kuajiri mashambani mtoto wa chini ya miaka minane. Mwaka 1880 shule ikawa lazima kwa watoto wa miaka mitano hadi kumi. Sanamu zilikuwako Uingereza karne nyingi kabla ya hapo, lakini zilikuwa zikimsaidia mtoto. Sheria ilipomwondoa mtoto, mkulima alibaki na sanamu na bunduki, na baadaye mizinga ya gesi inayolipuka yenyewe kila baada ya muda.

Leo picha ya kijiji cha Kiingereza chenye sanamu ya majani katikati ya ngano inauzwa kwenye kadi na kalenda kama kumbukumbu ya enzi ya amani. Inaniuma kwamba picha hiyo haina yule mtoto. Ukimwondoa, unabaki na shamba zuri lisilo na gharama.

Tuangalie sasa kwa nini ndege amwogope mtu wa majani. Ndege haogopi nguo. Anamwogopa binadamu, na hofu hiyo aliipata kwa binadamu halisi aliyemtupia jiwe. Sanamu inaishi kwa akiba ya hofu iliyowekwa na mtu. Mtu asipoongeza akiba, baada ya siku chache inakwisha. Wataalamu wa ndege waharibifu wamelichunguza jambo hili katika nchi nyingi na matokeo yao yanafanana: sanamu isiyotikisika hufanya kazi kwa siku kadhaa, pengine wiki mbili, kisha ndege huizoea. Ukiihamisha kila mara, ukaibadilisha nguo, ukaitundikia kitu kinachopepea, unaongeza muda. Ukiiweka mahali ambapo mtu hutokeza ghafla na kurusha jiwe, unaongeza zaidi. Mazoea yana taabu, na hapa taabu humwangukia mkulima.

Kunguru ametufundisha kwamba jambo hili lina kina kuliko tulivyodhani. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle walivaa kinyago cha sura moja maalumu walipokuwa wakinasa kunguru na kuwavisha pete miguuni, kisha wakawaachia. Kwa miaka kadhaa baadaye, yeyote aliyepita eneo lile amevaa kinyago hicho alizomewa na kunguru, wakiwamo ambao hawakuwahi kunaswa. Aliyevaa kinyago kingine alipita salama. Kumbe ndege huyo anasoma uso, anakumbuka, na anawajulisha wenzake. Kiumbe mwenye akili ya kutambua ni mtu yupi aliyemdhuru hatashindwa kutambua, mapema au baadaye, kwamba yule aliyesimama katikati ya mahindi hana mkono unaorusha.

Katika nafaka zetu adui mkubwa ni kwelea kwelea, na yeye ana nguvu ya aina nyingine kabisa. Ndege huyu mdogo mwenye mdomo mwekundu ana uzito wa gramu 15 hadi 20 hivi na hula takriban gramu 10 za mbegu kwa siku. Kwa mmoja hilo si neno. Kundi la milioni moja, nalo si kundi la ajabu kwa kwelea kwelea, linaweza kumaliza tani 10 kwa siku moja, bila kuhesabu zinazopukutika chini. Jumla yao barani Afrika hukadiriwa kuzidi bilioni moja. Wanapotua, kila ndege anamfuata aliye mbele yake, na wale wa nyuma hawajaiona hata hiyo sanamu. Hapo shati juu ya mti halina la kufanya. Hata mlinzi wa kweli hawaondoi. Huwainua tu wakatue kwa jirani. Nitalirudia jambo hili la jirani, maana ndilo lililobeba mzigo wote.

Kuna jambo jingine katika historia ya sanamu ambalo nadhani halijapewa uzito wake. Shamba lina wezi wa aina mbili, wenye mbawa na wenye miguu miwili, na kila jamii imelazimika kuamua kama mlinzi mmoja atawatosha wote. Wayunani, na baada yao Warumi, walisema ndiyo. Walisimika bustanini sanamu ya mungu Priapus, ambaye ibada yake ilianzia Lampsacus, mji uliokuwa kando ya mlango-bahari wa Hellespont katika Uturuki ya leo. Alichongwa kwa mti wa kawaida, akapakwa rangi nyekundu, akapewa mundu mkononi na maumbile ya kiume yaliyokuzwa kupita kiasi, na kazi yake ilikuwa kuwatisha ndege na wezi kwa pamoja. Mshairi Horatius, aliyeishi Roma karne ya kwanza kabla ya Kristo, anamfanya Priapus mwenyewe asimulie kwamba alikuwa gogo la mtini lisilo na kazi, na kwamba seremala alisita kwanza kati ya kumfanya kigoda na kumfanya mungu. Anaeleza pia kuhusu tete alilochomekwa kichwani ili ndege waogope kutua.

Pwani yetu ilizitenganisha kazi hizo mbili. Ndege walipewa sanamu, teo na debe. Mwizi wa kibinadamu alipewa kago na fingo: chupa iliyofungwa kitambaa chekundu ikatundikwa mwembeni, kifurushi kilichozikwa njia panda ya shamba, kamba iliyosomewa maneno. Mpita njia haambiwi kilichomo ndani, na huko kutojua ndiko kunakomzuia asinyooshe mkono. Naona hekima kubwa katika mgawanyo huo. Ndege huogopa anachokijua. Mtu huogopa asichokijua. Mungu wa Kirumi alilazimika kuwa mtu kwa ndege na muujiza kwa wezi, na kutokana na masimulizi ya wakati wake mwenyewe hakufanikiwa sana katika lolote. Wakulima wa pwani hawakuubebesha mti mmoja mizigo yote miwili.

Kutoka hapo tunafika kwenye swali zito zaidi la maana ya sanamu isiyotembea. Katika sura ya 10 ya kitabu cha Yeremia, kama ilivyo katika tafsiri za kisasa, nabii anazidharau sanamu za miungu kwa kuzilinganisha na kinyago cha kutishia ndege katika shamba la matango: hazisemi, hazitembei, hazina budi kubebwa, msiziogope. Kwake kusimama pasipo kujongea ni ushahidi kwamba ndani hamna kitu. Hadithi maarufu ya watoto ya Marekani iliyochapishwa mwaka 1900 ikafuata njia hiyohiyo, ikampa sanamu wa shambani kilio cha kukosa ubongo.

Japani ililitazama umbo hilohilo ikaona kinyume chake. Kojiki, kitabu kongwe kuliko vyote vilivyosalia vya simulizi za nchi hiyo, kilikamilika mwaka 712. Ndani yake mungu Okuninushi yuko kwenye rasi ya Miho anapoona kiumbe mdogo mno akija juu ya mawimbi, mtumbwi wake ni ganda la mmea. Anamwuliza jina, hajibu. Anawauliza wafuasi wake, hakuna anayejua. Ndipo chura anaposema kwamba Kuebiko hawezi kukosa kujua. Kuebiko anaulizwa, naye anajibu papo hapo: huyo ni Sukunabikona, mtoto wa mungu Kamimusubi. Kitabu kinaeleza kwamba huyo Kuebiko ndiye sanamu wa mashamba ya mlimani, ambaye miguu yake haitembei lakini anayajua yote yaliyo chini ya mbingu.

Sababu ileile iliyomfanya nabii adharau ndiyo iliyowafanya watu wa Japani waheshimu. Sidhani ni suala la dini peke yake. Yeremia alikuwa anagombana na watu wa mji na ibada yao, na mfano wa shambani ulimfaa kwa kudhalilisha. Simulizi ya Kojiki imetoka kwa watu wa mpunga, na watu wa mpunga wanajua kinachompata aliyesimama mahali pamoja msimu mzima. Anaona kila kitu. Muulize mtoto aliyekaa dunguni wiki nne: anajua maji ya mfereji hukatika saa ngapi, ngedere hushukia mti gani, jirani yupi hupita usiku na torchi, ndege walitokea upande gani jana na watatokea upande gani kesho. Hicho ni kisomo ambacho hakuna daftari linalokiandika. Waliomfanya Kuebiko awe mjuzi wa yote waliuheshimu ujuzi wa mlinzi, hata kama waliukabidhi kwa mti.

Heshima hiyo haikuishia kitabuni. Katika eneo la hekalu kuu la Omiwa, mji wa Sakurai mkoani Nara, pana hekalu dogo la Kuebiko, na wanafunzi huenda huko kuomba wafaulu mitihani. Katika baadhi ya vijiji vya Nagano, siku ya kumi ya mwezi wa kumi kwa kalenda ya zamani, sanamu iliondolewa shambani baada ya mavuno, ikaletwa uani kwa mwenye shamba na kuandaliwa mochi, yale maandazi ya mchele uliotwangwa, kwa sababu mungu wa shamba alisadikiwa kwamba yumo ndani yake na sasa anarejea mlimani. Mlinzi alimaliza kazi, akashukuriwa, akaagwa. Nimesoma habari za mila nyingi za mavuno, na hii hunigusa kuliko nyingi, kwa sababu shukrani inaelekezwa kwa yule aliyekesha, wakati kwingine kote hutolewa kwa aliyelima au kwa mbingu iliyonyesha.

Japani hiyohiyo ndiyo yenye mfano wa kutia huzuni kuliko yote. Nagoro ni kijiji cha bonde la Iya, mkoa wa Tokushima, kisiwa cha Shikoku. Zamani kilikuwa na watu wapatao 300. Leo hawafiki 40, karibu wote wazee. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tsukimi Ayano alirudi huko kutoka Osaka ili amtunze baba yake. Alipanda mbegu, ndege wakazila, akatengeneza sanamu na kuivisha nguo za baba yake. Majirani walipopita waliisalimu. Akatengeneza nyingine, ya jirani aliyefariki, na nyingine, ya aliyehama, hadi zikafika mamia. Shule ya kijiji ilifungwa mwaka 2012 wanafunzi wawili wa mwisho walipoondoka. Sasa madarasani wamekaa wanasesere wa nguo, kila mmoja kwenye dawati, na mwalimu wa nguo mbele yao.

Wageni husafiri mbali kwenda kupiga picha Nagoro na wengi husema panatisha. Mimi sioni cha kutisha. Naona mwanamke anayetunza daftari la watu wa kijiji chake kwa njia aliyonayo mikononi. Lakini angalia kilichogeuka. Uingereza, mtoto aliondoka shambani akaenda shuleni, sanamu ikabaki shambani. Nagoro, mtoto ameondoka hata shuleni, na sanamu imeingia darasani kushika nafasi yake. Kitu kilichoanza kwa kulinda chakula cha watoto kimebaki kuwakumbuka. Nchi inayozeeka imeipa sanamu kazi ambayo wakulima wa zamani wasingeweza kuiwazia.

Kwingineko sanamu imekuwa tamasha. Kijiji cha Kettlewell huko Yorkshire kimekuwa na wiki ya sanamu tangu mwaka 1994, na vijiji vingine vya Uingereza vikafuata, kwa kuchangisha fedha za shule na majengo ya umma. Ni jambo jema, na sina zaidi la kusema juu yake.

La kusemwa zaidi ni juu ya kile kinachotokea jamii inapochoka kutisha na kuamua kuua. Mwaka 1958 China ilitangaza kampeni dhidi ya viumbe wanne: panya, nzi, mbu na shomoro. Mamilioni ya watu, wakiwamo wanafunzi, waliambiwa watoke na masufuria, ngoma na bendera, wapige kelele bila kupumzika ili shomoro wasitue, mpaka waanguke kwa uchovu. Mbinu ni ileile ya dungu na debe, ila mlinzi wa shamba alimwacha ndege aende zake. Mtaalamu wa ndege Zheng Zuoxin alipasua matumbo ya shomoro na kuonyesha kwamba ndege hao hula wadudu wengi waharibifu, si nafaka tu. Mwaka 1960 shomoro akaondolewa kwenye orodha, kunguni akaingizwa mahali pake. Kufikia hapo wadudu walikuwa wameongezeka mashambani, na nchi ilikuwa katikati ya njaa kubwa ya 1959 hadi 1961, njaa iliyoletwa na sera nyingi mbaya, hii ikiwa mojawapo.

Sisi hatuko mbali na kishawishi hicho. Januari 2023 kwelea kwelea walivamia mashamba ya mpunga ya Kisumu, Kenya, wakaharibu takriban ekari 300, na mamlaka zikaazimia kuua ndege wanaofikia milioni sita kwa dawa ya fenthion. Tanzania nayo hupulizia dawa hiyo kutoka angani kwenye malalo ya ndege, na ndege za shirika la DLCO-EA, lililoundwa mwaka 1962 kupambana na nzige wa jangwani katika ukanda huu, zimetumika kwa kazi hiyo. Sibezi uamuzi wa kunyunyiza. Mkulima aliyekopa ili alime hawezi kuambiwa asubiri. Lakini fenthion hushambulia mishipa ya fahamu, na haibagui: mwewe, tai na bundi wanaomla kwelea kwelea anayekufa hupata sumu, na binadamu anayeokota ndege hao kwa kitoweo yuko hatarini pia. Huko Kondoa, Wasandawe na Warangi wamekuwa wakiwatega ndege hawa kwa ajili ya chakula tangu zamani. Tukinyunyiza karibu nao tunatia sumu mezani kwao.

Kati ya kutisha na kuua, basi, nachagua kutisha, na naitetea sanamu pamoja na udhaifu wake wote. Sharti langu ni moja: anayetisha asiwe mtoto aliyepaswa kuwa darasani.

Hapa ndipo linaporudi lile jambo la jirani. Mlinzi hapunguzi njaa ya ndege. Anahamisha maafa kutoka shamba lenye mtu kwenda shamba lisilo na mtu. Katika bonde la wakulima mia mbili, mia moja tisini na tisa wakiweka walinzi, yule mmoja asiye na mlinzi ndiye atakayeliwa na ndege wa bonde zima. Kwa hiyo mzazi anayemtoa mtoto shuleni msimu wa kuamia ndege hafanyi hivyo kwa kudharau elimu. Amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi, na walaji hawa wanaelekea pale walipoachiwa mlango. Kumpa mzazi huyo semina ya umuhimu wa shule ni kumwambia jambo analolijua.

Sheria zetu ziko wazi. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayoweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi, nayo kazi nyepesi isiyomzuia mtoto kusoma. Kenya imefanya elimu ya msingi kuwa lazima. Lakini sheria humkuta mzazi akiwa peke yake, wakati tatizo ni la bonde zima, na suluhu yake haiwezi kutoka kwa mzazi mmoja mmoja. Skimu ya umwagiliaji inayogawa maji kwa ratiba inaweza pia kupanga tarehe ya kupanda. Mpunga wote ukikomaa ndani ya wiki mbili, ndege wanagawana madhara katika eneo kubwa na siku za ulinzi zinapungua. Ukikomaa kwa miezi mitatu, kipande hiki leo na kile kesho, tumewapa kwelea kwelea chakula cha kudumu na mtoto kazi ya kudumu. Wenye mtama wanajua kwamba aina nyekundu zenye tanini nyingi ndege huzikwepa kwa uchungu wake, ingawa walaji sokoni nao huzikwepa. Watafiti wa mbegu wana kazi hapo. Vitalu vya miche na mashamba madogo ya mbegu vinaweza kufunikwa kwa nyavu. Malalo ya ndege yakitambuliwa mapema, kabla makinda hayajaruka, kunahitajika dawa kidogo au kunaweza kuingizwa watega ndege wenye ujuzi wa Kondoa.

Na kubwa kuliko yote, ulinzi wa ndege uhesabiwe kuwa kazi. Katika bajeti za skimu nyingi utaona fungu la mbegu, mbolea, trekta, kupalilia na kuvuna, na gharama ya kuamia ndege ikiachwa kwa familia, kana kwamba inafanywa na upepo. Imeachwa kwa sababu wanaoifanya hawalipwi. Ikiwekwa fungu, ikalipwa kwa vijana waliomaliza shule na watu wazima, zamu kwa zamu, mlinzi mmoja wa kulipwa mwenye teo, sanamu kadhaa za kuhamishwa kila siku mbili na tepe za kumeta anaweza kuhudumia eneo lililokuwa likihitaji watoto kadhaa, kwa sababu sanamu hufanya kazi palipo na mtu anayeongeza hofu.

Afisa elimu wa wilaya anayetaka kuujua ukubwa wa jambo hili hahitaji safari ndefu wala mtafiti kutoka mbali. Achukue daftari la mahudhurio la shule iliyo jirani na mashamba ya mpunga, alinganishe mwezi wa kupalilia na mwezi wa suke kuweka maziwa, darasa kwa darasa, kisha aiweke hesabu hiyo mezani kwa afisa kilimo kabla ratiba ya maji ya msimu ujao haijapangwa.